Godoro la Dani Perez

Mguu mmoja wa Irungu ulikuwa hewani, mwingine umenasa kwenye kamba, na mwenyewe amelala kifudifudi juu ya godoro lililofungwa juu ya pikipiki. Barabara ya vumbi nje ya Sondu ilimrusha na kumtua, ikamrusha tena. Watoto wa shule wakampigia makofi. Irungu akawapungia mkono, akaponea chupuchupu kuanguka, akacheka peke yake. Godoro lenyewe lilikuwa bora kuliko yote dukani kwake Nyamasaria, na kama lingefanya kazi yake sawasawa, Jumapili angepewa mke.

Mke mwenyewe, Lorine, alikuwa amekubali kitambo. Aliyebaki ni nyanya aliyemlea tangu utotoni, Perez, ambaye wote walimwita Dani, yaani bibi. Bila neno la Dani, wazazi wa Irungu wasingetoka Nyeri kuja kuposa. Na Dani, ambaye themanini ilikuwa nyuma yake, hakuwa na haraka na mtu.

"Usimkodolee macho," Lorine alimwonya siku ya kwanza walipomtembelea. "Na usimuulize maswali juu ya mwili yake. Hapendi."

Irungu alijikaza. Lakini Dani alipocheka, akaona: meno ya mbele ya chini, yote sita, hayapo. Ya juu yalikuwa yamejipanga mazima, meupe pe.

Huruma ikamshika. Ugonjwa wa fizi aliujua. Alipoanza biashara alikuwa akilala dukani, malori ya Nairobi yakinguruma hadi asubuhi, na kila akipiga mswaki alitema damu. Daktari wa meno, Debra, alimchungulia mdomoni kisha akamuuliza habari za usingizi. Mtu asiyelala, alimweleza, mwili wake hushindwa kupigana na wadudu wa kwenye fizi. Fizi huvimba, na zikiachwa hivyo, meno hulegea. Irungu akahama dukani, akalala, akapiga mswaki alivyofundishwa, fizi zikapona. Tangu hapo kila aliyenunua godoro kwake alipewa na mahubiri ya fizi bure.

Sasa, kuuliza habari za meno alikuwa amekatazwa. Za usingizi hakukatazwa.

"Dani, usiku unalala vizuri?"

Bibi akaupitisha ulimi polepole kwenye lile pengo, kisha akamkazia macho Lorine.

"Kulala? Nyathina, mtoto yangu, mimi silali. Usiku yote macho iko wazi tu."

Lorine akainuka ghafla kwenda kuangalia kuku.

Irungu akamweleza bibi yote aliyoyajua kuhusu fizi. Dani alisikiliza kwa makini ajabu, akisema "Kumbe!" kila mahali panapofaa. Kisha naye akaeleza yanayomkosesha usingizi. Kwanza ni mbu. Juma lililofuata Irungu akaleta chandarua. Kisha ikawa shingo, akaleta mto. Kisha ikawa jogoo wa shemeji yake Oyugi, mzee wa boma la jirani, ambaye eti huja kuwika dirishani kabla hakujapambazuka.

"Hiyo jogoo," Dani alisema kwa uchungu, "itamaliza hata hizi meno zimebaki."

Irungu akamnunua jogoo palepale. Akachinjwa, akapikwa, akaliwa kwa ugali. Mzee Oyugi alikula bila kinyongo, kiganja kimeziba mdomo na mabega yakimtikisika, na Irungu akadhani anamlilia kuku wake. Dani alivunja mifupa kwa magego, ka, ka, mpaka mgeni akashangaa fizi mbovu zimetoa wapi nguvu zile.

"Sasa imebaki kitanda tu," Dani akasema akilamba vidole. "Mbao inaniingia kwa mbavu."

Ndiyo maana Irungu alikuwa leo juu ya pikipiki. Alifika, akalitandika godoro kwa mikono yake. Dani akapanda, akajinyoosha, na kabla Irungu hajamaliza kukunja kamba, bibi alikuwa anakoroma mchana kweupe. Irungu akatoka akinyata, machozi yanamlengalenga.

"Amelala!" akamnong'oneza Lorine.

Lorine alikuwa ameuma kitambaa cha kichwa.

Jumapili Irungu alirudi na shati jipya kusikiliza neno la Dani. Alikuta viti vimepangwa uani na wazee marafiki wa Dani wameketi, wanawake kwa wanaume, Mzee Oyugi katikati yao. Walipomwona wakaangua kicheko kwa pamoja, midomo wazi kabisa.

Irungu akaganda. Kila mdomo ulikuwa na pengo. Chini, mbele, meno sita.

Mungu wangu, akawaza, kijiji kizima hakilali! Akaanza kuhesabu kichwani magodoro yaliyobaki dukani, jasho likimtoka.

"Irungu," Dani akaita, "ambia wazazi yako wakuje. Mtu anahangaika hivi juu ya usingizi ya mzee kama mimi, huyo atatunza mjukuu yangu."

Furaha ilimpanda Irungu kichwani. Aliruka, akamkumbatia Lorine, akamkumbatia Mzee Oyugi, nusura amkumbatie na mbwa. Kisha akazikumbuka zile fizi zilizomzunguka, akaona aibu kufurahi peke yake.

"Na hawa wengine, Dani? Nao niwasaidie aje walale?"

"Hawa wanalala vizuri sana, kama mimi," Dani akasema. "Hizi meno tuling'olewa tukiwa watoto, sisi wote. Hiyo ndiyo ilikuwa urembo ya Mjaluo. Lakini godoro, nyathina, hiyo hairudi Nyamasaria."