Mazoezi ya Kumwachisha Mtu Kazi

Darasa la uzamili la usimamizi wa rasilimali watu lilikuwa na viti thelathini na mwanafunzi mmoja, Shemsa. Dakta Lubuva aliita majina kama kawaida.

"Shemsa?"

"Umati wote tupo, mwalimu."

Hakucheka. "Leo tunajifunza kumwachisha mtu kazi. Wewe meneja, mimi mfanyakazi. Anza."

Shemsa akakohoa kimeneja. "Mzee wangu, umetufanyia kazi vizuri sana, ila..."

"Usizunguke, binti. Sababu?"

"Kitengo chako hakina watu tena."

"Hapo sawa." Dakta akatoa mfukoni bahasha ya chuo, haijafunguliwa. "Hii ndiyo barua ya kweli. Ninayo tangu Jumatatu, sijathubutu kuifungua, na nyumbani sina wa kunisomea."

Shemsa aliipokea bila utani. Dakta akaketi, akafunga kifungo cha juu cha shati.