Sanduku la Kulazwa Ubavu

Sanduku halikuwa lake, lakini lilifunguka kwa siri yake.

Fundi alilirudisha polepole juu ya meza ya muuza fanicha wa mtaa wa pili, akaaga kama mtu aliyepita kuuliza saa, akatoka. Masanduku yake hayakuwa na kufuli. Kila moja alilifichia pini ya mti ndani ya ubao, na mnunuzi aliambiwa mahali pa kubonyeza tu. Jinsi pini ilivyokaa huko ndani hakuambiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yenyewe, maana mbao kila mtu anazo. Tangu aache kazi ya kiwandani na kugeuza chumba cha nyuma kuwa karakana, siri hiyo ndiyo iliyowasha jiko la nyumba yake. Na walioijua walikuwa wawili: yeye na mdogo wake.

Mdogo wake walimwita Mchwa. Jina alipewa na shemeji yake, mke wa fundi, siku alipopaka vanishi karibu na kamba ya nguo, upepo ukafanya yake, na shuka nyeupe zikatoka na madoa kama ngozi ya chui. Tangu hapo wawili hao hawakusalimiana. Mwanamke akiingia ukumbini, Mchwa alitoka kwa mlango wa nyuma. Chakula chake kilifunikwa na kuachwa barazani, na fundi akawa tarishi wa nyumba: mwambie ndugu yako sahani haina miguu ya kurudi yenyewe, mwambie shemeji chumvi haijapanda bei. Majirani walicheka. Fundi hakucheka, kwa sababu hao ndio walikuwa watu wake wote duniani.

Mkewe alipomwona hana raha akamdadisi, naye akamweleza alichokikuta dukani. Mwanamke hakushangaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mume wangu," alisema. "Nilikwambia zamani, ukaona nina kinyongo cha shuka."

Basi fundi akafanya jambo ambalo hakujipenda kwa kulifanya. Alijifungia karakanani akatengeneza sanduku la namna nyingine kabisa. Hili halikuwa na pa kubonyeza. Pini yake ilikuwa legevu. Ulilaze sanduku ubavu wa kushoto, usikilize pini ianguke, toki, ndipo usukume kifuniko kwa kidole gumba. Likisimama wima, hata ufe hulifungui. Akamwita mdogo wake, akamwonyesha mara moja.

"Hii tunaijua mimi na wewe tu," alimwambia. "Hata shemeji yako haijui."

Mchwa alicheka. "Nimwambie nani, kaka? Shemeji mwenyewe nikipiga chafya anafukuza mbuzi."

Fundi akaliweka sanduku juu ya kabati la ukumbini, akangoja. Siri hiyo ikitokea kwenye meza ya muuza fanicha, basi hana ndugu. Siku hizo mikono yake ilimkataa. Alikata mbao fupi, akamwaga gundi, akamkaripia Mchwa kwa makosa yaliyokuwa yake mwenyewe. Mchwa aliokota vipande, akapiga randa upya. Upole huo ulimchoma fundi kuliko tusi.

Mwisho kungoja kukamshinda. Alirudi dukani, akayalaza masanduku ubavu moja baada ya jingine, huku ametega sikio kama mganga. Hakuna lililosema toki. Muuza fanicha akataka kujua anatafuta nini, na fundi, kwa kuchoka, akamwuliza waziwazi nani alimfundisha ile siri ya kwanza.

Yule bwana alicheka hadi akashika meza. Akainama, akavuta gunia lililojaa vipande vya mbao. Fundi akaitambua kazi yake, imepasuliwapasuliwa, pini imelala juu kama mfupa wa samaki.

"Nilimtuma mpwa wangu akanunua moja kwako," alisema bila haya. "Nani anifundishe? Mwalimu wangu nyundo."

Ilimpasa fundi akasirike. Badala yake nusura amkumbatie. Alirudi nyumbani nusu anatembea, nusu anakimbia, akijilaumu njia nzima. Damu yake mwenyewe, ameitega kama panya! Ila leo angelipa. Leo angewapatanisha wale wawili, wapende wasipende.

Alimkuta mkewe ukumbini anashona kifungo, akamsimulia yote bila kupumua: gunia, nyundo, na jinsi alivyomdhania mdogo wake mabaya. Kisha akalishusha sanduku kutoka juu ya kabati. Akataka kulipangusa vumbi, akaona halina vumbi.

"Hili nakupa wewe, utie sindano zako; kulifungua nitakufundisha," alisema. "Nami naomba zawadi moja tu. Jioni hii Mchwa ale mezani pamoja nasi, yaishe."

Mkewe alilipokea sanduku huku akisonya.

"Nile meza moja na Mchwa? Mtu ambaye hata sauti yake nimeisahau," alisema, na bila kuliangalia akalilaza sanduku ubavu wa kushoto, akangoja, toki, akasukuma kifuniko kwa kidole gumba.