Pikipiki ya Mjomba Séverin

Alipomaliza kuifunga injini, Yannick aligundua kwamba skrubu kadhaa zimebaki kwenye sufuria.

Alizitazama. Akaitazama pikipiki. Akazitazama tena skrubu.

"Hizo ni za akiba?" aliuliza jirani yake, Maman Émerance, kutoka mlangoni mwake, akichambua maharagwe.

"Zimebaki tu, maman. Sijui zilitoka wapi."

"Zilitoka mule ndani, mwanangu. Fungua tena."

Akafungua tena.

Hakuwa na njia nyingine. Yannick alikuwa mhudumu wa mgahawa kule Karavia, na kila asubuhi mabasi ya kutoka Bel-Air yalimchelewesha. Patron, bosi wake, alikwisha kumwambia: ukichelewa tena, usijisumbue kuja.

Tumaini lililobaki alipewa na mjomba wake Séverin, mstaafu wa reli. Siku mzee huyo alipokuwa akirudi kwao Kongolo, treni ikianza kusogea, alichungulia dirishani akapaza sauti: "Moto yangu ya zamani, ile pikipiki, iko pale nyumbani, mu parcelle! Ni yako! Lakini uitengeneze weye mwenyewe, usimupe fundi!" Katika ukoo ule wa watu wa reli, Yannick peke yake ndiye hakujua hata kukaza nati, na mzee alichoka kusikia binamu zake wakimcheka.

Pikipiki aliikuta nyuma ya nyumba, kwenye ua ambao mjomba alikuwa akiutumia pamoja na Maman Émerance. Matairi yalikuwa yamelala, na kuku alikuwa ametaga juu ya kiti.

Alianza kwa kutazama video kwenye simu. Kwenye video kila kitu kilifunguka kwa vidole viwili. Uani hakikufunguka kitu. Akaenda kumuuliza Mwila, fundi wa pale barabarani, ambaye alimweleza yote huku mikono ikiwa mfukoni. "Mujomba yako alinikataza kuigusa," alisema akicheka. "Endelea, utazoea."

Siku aliyosafisha kabureta alijimwagia petroli, akaenda kazini hivyo hivyo. Mteja mmoja alipomwona anakaribia na sahani, alizima sigara yake upesi na kuhama meza.

Mjomba naye alipiga simu kutoka Kongolo. "Ile kiki ya kuwashia imevunjika. Anza na ile."

Yannick aliikanyaga kiki. Ilikuwa nzima kabisa.

"Ndiyo, mujomba, nitaitafutia ingine," alijibu kwa upole. Hakutaka kumwambia mzee kwamba kumbukumbu zimeanza kumtoroka.

Aliyemshangaza zaidi alikuwa Maman Émerance. Mama huyu wa Butembo aliuza maharagwe kwa jumla, na mtaa mzima ulijua kwamba hajawahi kumpa mtu hata punje moja bure. Sasa kila jioni alimletea Yannick bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo. Kisha akamletea betri mpya, bado imo ndani ya karatasi yake.

"Maman, hii yote ni ya nini?"

"Weka, weka. Usiulize mingi."

Yannick alipotaka kuipaka tanki rangi nyeusi, mama alikataa. "Nyekundu," alisema. Na mtu anayekula sombe ya mwenzake kila jioni habishani juu ya rangi.

Majirani walianza kunong'onezana. Maman Émerance ana binti huko Butembo, anaitwa Bénie, atakuja likizo. Mama anajitafutia mkwe! Yannick alijifanya hasikii, lakini tangu siku hiyo alichana nywele kabla ya kushika spana.

Ikafika Jumapili ya kuiwasha. Alikanyaga kiki. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Akakanyaga tena na tena mpaka goti likagoma. Akakaa chini, mikono myeusi, karibu kulia.

"Binamu zangu wanasema kweli. Mimi si mtu wa kazi ya mikono."

"Jana ilikuwa inanyamaza," alisema Maman Émerance. "Leo inakohoa. Muntu mwenye kukohoa hayakufa bado. Simama."

Akasimama. Akatoa buji, ile plagi ya cheche, akaisugua mpaka ikang'aa, akairudisha. Akafungua mpira wa petroli, akapuliza, na kidonge cha udongo kikaruka nje. Nyigu walikuwa wamejenga humo.

Akakanyaga.

Injini ikanguruma. Kuku wakatawanyika. Yannick alicheka huku machozi yakimtiririka, akampigia mjomba wake na kuiweka simu karibu na injini ili asikie.

Mzee alitega sikio. "Sauti yake imebadilika," alisema.

"Nimeitengeneza vizuri, mujomba!"

"Haya, mwanangu. Mi mwenyewe sikuwaza utaweza." Na sauti ya mzee nayo ilikuwa imebadilika.

Asubuhi iliyofuata Yannick alitoka amevaa shati jeupe, viatu vinang'aa, tayari kwenda Karavia kama bwana. Alikuta pikipiki imekwisha kuwashwa. Maman Émerance alikuwa ameikalia, kofia ya chuma kichwani, suruali ikichungulia chini ya kitenge.

"Maman! Mi nitachelewa kazi!"

"Ndio maana minakungojea. Panda nyuma, nikupeleke na moto yangu," alisema Maman Émerance, akitia gia. "Ile ya mujomba yako iko mu depo yangu, nyuma ya magunia ya maharagwe. Utaanza nayo leo jioni, sasa unajua kutengeneza."