Milango Isiyo na Majina

Alikamatwa ghorofa ya juu akichokonoa kitasa cha watu kwa ufunguo. Mlango ulipogoma akahamia wa pili, nao ukagoma, akahamia wa tatu. Hapo aliyekuwa ndani, mama mwenye mtoto mchanga, akapiga ukelele uliofika mpaka getini.

Mlinzi alimshusha ngazi kwa kumkamata mkono wa juu, kama anayemshika kuku kwa bawa.

Kwa sura hakuwa mwizi. Mzee wa mvi tupu, vifungo vya shati vimepishana, kandambili miguuni, na kwapani mkate. Akafikishwa chini, ofisini kwa karani wa shirika la nyumba.

Ni zile nyumba wanazopangishiwa watu wenye kipato kidogo, majengo yanayofanana kila upande, kila mlango rangi ya kijivu. Wiki hiyo ndipo majina yote yalipobanduliwa milangoni, na si kwa mchezo. Mwanamke mmoja aliyemkimbia mumewe alisakwa mpaka akapatikana, kwa sababu tu jina lake lilibandikwa nje, na akatolewa humo juu ya machela. Tangu hapo amri ikawa moja: jina la mpangaji, mlango wake, simu yake, hapewi mtu. Karani ndiye aliyeishikilia milango machela ikipita. Hakuhitaji kukumbushwa.

Mzee hakujitetea habari ya ufunguo. Alitaja jina la mama mmoja, akaomba aonyeshwe mlango wake, basi, aonyeshwe tu. Mama huyo yuko kitandani, alisema, miguu haimbebi, na jikoni kuna sufuria juu ya moto wa gesi.

Karani alimuuliza yeye ni nani. Mzee akafungua kinywa, kisha badala ya jibu akatoa swali. Alitaka kujua shirika hufanya nini likigundua kwamba anayemuuguza mgonjwa hafai tena kwa kazi hiyo.

"Mgonjwa anapelekwa kwenye nyumba ya uangalizi," karani alisema. "Yule mwingine anatafutiwa pake."

"Hawawekwi pamoja?"

"Mara nyingi hapana, mzee."

Baada ya hapo hakukubali kabisa kutaja jina lake, hata alipotishiwa polisi. Karani akaliweka hilo moyoni. Mtu mwenye nia safi hafichi jina.

Hata hivyo alifuata utaratibu. Aligeuza kioo cha kompyuta mzee asione, akatafuta namba ya mpangaji, akapiga ili amuulize kama anamruhusu mgeni. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Haitapokelewa," mzee alisema. "Iko juu ya friji. Hawezi kuifikia."

Karani na mlinzi wakatazamana. Ya juu ya friji ameyajuaje? Basi mle ndani ameshaingia, na huenda ni yeye aliyeiweka simu huko, makusudi, mama wa watu asiweze kuita msaada.

Karani akarudia kusoma kwenye kompyuta. Hasira zikampanda, na maneno yakamtoka ambayo kwa sheria za kazi yake hakupaswa kuyatoa.

"Huyo mama ana mume wake. Wanaishi wote. Kama kuna sufuria motoni, mumewe ataiepua."

"Mumewe hayumo. Ametoka."

"Kwa hiyo ulivizia mpaka akatoka."

Mlinzi akacheka. "Babu, kwa mvi hizo bado unanyemelea wake za watu?"

Mzee hakukasirika. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, mikono ikauminya mkate mpaka ukabonyea. Akaomba waende wao wenyewe. Yeye wamfungie hapo ofisini, wamfunge kwa kamba wakitaka, ilimradi mmoja apande akazime lile jiko. Akauweka ufunguo mezani na kuusukuma kwa karani, huku akisema maji yale yalikuwa kidogo, yalikuwa ya chai tu, kwa sasa yatakuwa yamekwisha, na mama yule hata akisikia harufu hana pa kukimbilia.

Karani aliutazama ufunguo bila kuugusa. Kufungua mlango wa mpangaji bila idhini yake ni kosa la kufukuzwa kazi, na ufunguo wenyewe nani ajuaye umeibwa wapi. Moyo ulitaka kumlegea. Kisha akamkumbuka yule wa machela. Mume wake naye, waliomwona akiulizia ngazini walisema alikuwa analia, tena kwa adabu, wakamhurumia wakamwelekeza.

Akamwambia mzee kwamba watu wa ustawi wa jamii watapita kumtazama mama huyo jioni, na kwamba akionekana tena milangoni atalala rumande.

"Jioni ni mbali, mwanangu."

"Mtoe," karani alimwambia mlinzi.

Mlinzi akamwinua. Alikuwa mwepesi, kandambili moja ikabaki chini ya kiti. Walipofika kizingitini mlinzi aliingiwa na huruma kidogo, akaanza kumshauri kiutu uzima: mambo ya nyumba za watu ayaache, umri umekwenda, arudi kwake akapumzike.

"Kwako ni wapi, babu? Nitakusindikiza."

Mzee hakumtazama mlinzi. Alimgeukia karani.

"Ndiko huko ninakokuuliza, mwanangu."