Mbuni Arudi Mbioni

Miaka sita Mbuni hakukanyaga uwanja wa mbio, tangu alipofiwa na mkewe. Siku aliyorudi, miguu ilimcheza kwa furaha.

"Shikamoo, babu!" Swala akamkejeli. "Umekuja kushindana au kutusindikiza? Ukishindwa leo, ustaafu kabisa!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekubali."

Walitakiwa kukizunguka kichuguu na kurudi. Swala alichomoka, akawa anageuka kila hatua kumcheka mzee. Mbuni hakugeuka. Mkewe, aliyezoea kukimbia nyuma yake, alimfundisha: "Usinitafute, mume wangu. Nipo."

Swala, akicheka, akakipita kichuguu asikione. Mbuni akakizunguka, mabawa wazi, vigelegele vikirindima.

Alipovuka mstari ndipo akageuka, kwa mazoea, amwambie mkewe kuwa wameshinda.