Daftari la Bi Tamima

Askari walipoingia, Bi Tamima hakuwahi kulificha daftari. Kwa miaka ishirini alikuwa akiandika humo habari za sinema za zamani za Kimarekani, na sasa sinema hizo zilikuwa marufuku. Jirani yake alikutwa na picha ya mwigizaji tu, akachukuliwa, na hajarudi.

Kapteni wao alilisoma, kidole kikifuata mistari. Kidole kikasimama.

"Hii ya mwanamke aliyejifungia mnarani. Uliiona?"

"Niliiona, afande."

Kapteni akawatoa askari wake nje, akafunga mlango, akashusha sauti.

"Nilikuwa mtoto. Umeme ulikatika ukumbini pale mlango wa mnara ulipogongwa. Mama, nani alikuwa akigonga?"

Bi Tamima alilijua jibu. Alifikiria kudanganya. Lakini kuhusu sinema hakuwahi kuandika neno la uongo.

"Alikuwa askari, mwanangu. Alikuja kumuua."

Nje gari lilikuwa likinguruma, likimsubiri. Kapteni alivua kofia polepole, akaketi kitandani, daftari mapajani.

"Akamfungulia?" aliuliza.