Upepo wa Kona ya Mwisho

Robi alipiga goti kwenye changarawe za njia ya mbio za magari pale Issenye, akaibonyeza valvu ya tairi kwa ukucha wa kidole gumba. Upepo ukatoka kwa mluzi, wa baridi, wenye harufu ya mpira.

"Dada, unatuaibisha," kaka yake akasema. "Tairi ijae mpaka iwe jiwe. Sisi kwetu ndivyo tunavyofanya."

Ndivyo walivyofanya kwenye pikapu yao ya kubebea mihogo kule Susuni. Lakini hili lilikuwa gari la mashindano, jepesi, lililolala chini, na katika mzunguko wa kwanza lilikuwa limerukaruka kama ndama aliyekata kamba.

Robi akahamia tairi ya pili. Aliacha upepo utoke mpaka tairi zikabonyea kidogo, akaingia garini.

Kwenye kona ya mwisho ya mzunguko wa pili, madereva wawili waliomtangulia waliserereka hadi nyasini. Gari lake likaing'ang'ania ardhi, likapita.

Alipozima injini, vigelegele vilikuwa havijaisha. Akamtafuta kaka yake. Alikuwa amechutama kando ya gari la mpinzani, kidole kwenye valvu, akimweleza mwenye gari:

"Punguza upepo, bwana. Sisi kwetu ndivyo tunavyofanya."